Asili ya Mkono wa Kushoto

Belo lilipokatwa kamba, mikono ilimwagika juu ya turubai, na kina mama waliokuwa wakisubiri tangu geti lifunguliwe wakasogea kwa mpigo mmoja. Ndivyo mabelo yanavyofunguliwa Uyole tangu enzi za mashati na makoti: anayewahi kuinama ndiye anayeondoka na gredi ya kwanza, anayesita anabaki na soksi moja. Siku hizi soksi hazina biashara. Watu wananunua mikono ya bandia.

"Rudini nyuma, jamani, rudini! Leo hakuna kuchagua!" Mzee Lauden Sanga alipaza sauti, fimbo yake ikiwa juu. "Mikono hii ina kazi na Bunge kwanza. Mkiniona nimerudi nacheka, njooni mchague mpaka mchoke."

"Na ukirudi unalia?" mmoja akamuuliza.

"Basi tutalia wote, maana bei itapanda mpaka tuuziane kidole kimoja kimoja."

Kina mama wakacheka, ila si sana. Kila mmoja alizijua habari za ushuru. Serikali ilikuwa imejenga kiwanda cha mikono mipya, kizuri, chenye uzio uliopakwa rangi za bendera, na ili kiwanda hicho kisife kingali kichanga, ikapendekeza ushuru mzito kwa kila mkono wa mtumba utakaoingia kutoka nje. Mzee Sanga, mwenyekiti wa Umoja wa Waagizaji wa Mikono, hakuwa amelala vizuri tangu muswada uliposomwa. Kamati ya Bunge ilikuwa inakuja Mbeya kusikiliza wadau, na yeye alijihesabu kuwa mdau kuliko wadau wote.

Akamgeukia Bupe. "Nitafutie mkono mmoja tu, mwanangu. Ule ambao waheshimiwa wakiuona kazini watasahau walikuja kufanya nini. Na belo lingine linaingia lini?"

"Wiki ijayo, Mzee, kama bandarini hawajalizuia."

"Lisizuiwe," akasema Mzee Sanga, utadhani Bupe ndiye bandari yenyewe.

Bupe Mwakalinga alikuwa mpimaji wa Umoja. Kazi yake aliifanyia nyuma ya banda, kwenye kigoda cha mninga chenye koleo ambacho soko zima lilikiita mbuzi, kwa jinsi kilivyofanana na kibao cha kukunia nazi. Mkono hubanwa kwenye koleo, unapewa umeme, kisha mtu anakaa kimya na kuutazama unafanya nini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Bupe angeifanya hata bila mshahara, ingawa hakuwahi kumwambia Mzee Sanga, maana angemkubalia.

Mkono hauna akili. Una mazoea. Ndani ya kifundo mna utando laini kama ute wa yai, na kila tendo ambalo mwenye mkono hulirudia huacha alama humo. Kiwanda cha ng'ambo kinachousafisha kinaweza kufuta jina la mwenye mkono, mji wake na tarehe zake zote, lakini mazoea hayafutiki mpaka uuue mkono wenyewe. Na hapo ndipo biashara ilipokaa. Mkono mpya hutoka kiwandani mtupu, hata kijiko ni lazima uufundishe kushika. Mkono wa mtumba huja umeshaiva. "Mkono wa mtumba unajua kazi": maneno hayo Mzee Sanga aliyachapisha kwenye fulana, kwenye kofia na kwenye gurudumu la akiba la gari lake.

Na watu waliihitaji mikono hiyo. Mashine za kuchambua viazi zilizotapakaa nyanda zote za juu zilikuwa na kasi ya ajabu, ila hazikujua kutofautisha kiazi na kidole.

Mkono wa kwanza kubanwa siku hiyo ulipapasa hewa chini chini, ukakuna kitu, ukapapasa tena. Bupe akatabasamu. Huyu alikuwa na mbwa. Wa pili ulidunda vidole kwa zamu, haraka, juu ya kitu bapa kisichokuwepo, mtu wa ofisi. Wa tatu uligeuza ufunguo, ukageuza tena, ukarudi kuhakikisha. Bupe alijikuta anamwonea huruma mtu huyo asiyemjua, aliyezeeka akiogopa kuwa mlango hakuufunga.

Kisha akabana mkono wa kushoto, mwembamba, uliovishwa vizuri ngozi mpya ya kiwandani. Ukatulia tu. Akausubiri, haukufanya lolote. Basi akafanya kama alivyofanya kwa mikono yote iliyozubaa: akausogelea, akainama kidogo na kunyoosha mkono wake wa kulia kama anayeamkia.

Mkono wa kushoto haukumpokea. Ulipinda, ukavuka kwenda upande wa kulia, ukaenda kukishika kiwiko cha mkono ambao haukuwepo. Ukatulia pale, umeishika hewa kwa adabu.

Bupe alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Mikono ya mtumba aliyoipima ilikuwa imetoka mbali, kwenye miji ya theluji, na yote huamkia kwa namna moja: wa kulia hunyooshwa peke yake, wa kushoto unaning'inia au uko mfukoni. Bupe hakuwa amewahi kuona mkono kutoka huko ukishika kiwiko. Kushika kiwiko unapomwamkia mtu, kumwonyesha kuwa humpi mkono nusu nusu, hilo mtu hufundishwa utotoni, kwa kufinywa kama hasikii. Mkono huu ulikuwa umefinywa na watu wa huku.

Udadisi ukamshinda. Akatoka mbio kwenda kwa wauza mitungi wa mtaa wa pili, akaomba bonge la udongo mbichi. Kwa nini udongo, na si unga wala pamba? Baadaye alijiuliza sana, na jibu lililompendeza ni kwamba alikuwa ameshajua.

Aliuweka udongo chini ya kiganja. Mkono ukauonja kwa ncha za vidole, ukaukanda, ukauzungusha, ukaanza kuuinua ukuta wa chungu, pole pole, bila msaada wa mwenzake wa kulia. Ulipofika mdomoni, kidole cha kati kikachelewa. Wenzake waliinuka, chenyewe kikabaki nyuma kidogo, kikaacha kijishimo chini ya mdomo wa chungu.

Kule Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, watu walikiita kijishimo hicho kitovu. Wanunuzi walivuka kutoka Matema kuja kutafuta vyungu vyenye kitovu, na mfinyanzi wake alikuwa mmoja tu, Tusekile, mama yake Bupe. Mashine ya kukoboa mpunga ilimchukua mkono wa kushoto Bupe akiwa bado anasoma. Wakamnunulia mkono wa mtumba wa bei ya chini kabisa, ambao kidole chake cha kati kilikuwa kizito kupinda. Miaka yote mama alikitukana kidole kile. Na miaka yote kidole kile ndicho kilichomuuzia vyungu.

Bupe akakikunja kidole kwa mkono wake. Kilikuwa laini kabisa. Huko kilikopelekwa walikuwa wamekitengeneza, kikapona. Lakini kilikuwa kimeshazoea kuchelewa.

Aliketi sakafuni, akalia, na mkono ukaendelea kufinyanga.

*

Mzee Sanga alisikiliza habari yote akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya banda, kimejaa makofia ya kampeni.

"Subiri kwanza," akasema. "Marehemu mama yako alipofariki, mkono ulikwenda wapi?"

"Walikuja wale wa kukusanya, Mzee. Si unawajua? Wenye makoti meupe. Walisema betri haizikwi, itaharibu ardhi. Mjomba akawapa, kama watu wote wanavyowapa."

"Na wao wakaupeleka nje."

"Wakaupeleka nje, wakaupangusa vumbi, wakafuta jina, wakauchanganya na mingine kwenye belo. Nimepima nusu ya hili belo, Mzee. Inayoshika kiwiko ni mingi. Kuna mmoja unapepeta. Mkono wa mtu wa theluji utapepeta nini?"

Mzee Sanga aliweka kikombe mezani kwa nguvu mpaka chai ikaruka. "Yaani watu hawa wanatuuzia mikono yetu wenyewe! Na mimi ndiye dalali wao! Mimi, mtoto wa Makete, napanga foleni nikanunue mali ya marehemu wa Kyela!" Alisimama, akazunguka meza akiwatukana watu wa makoti meupe kwa Kikinga, lugha ambayo Bupe hakuijua ila alielewa kila neno. Halafu ghafla akarudi kitini, akafungua droo, akatoa nakala ya muswada, na Bupe akauona uso wake ukibadilika kutoka hasira kwenda hesabu.

"Sikiliza hapa, mwanangu. Kifungu cha misamaha. 'Bidhaa yenye asili ya nchini inayorejea haitatozwa ushuru.' Umesikia? Haitatozwa!"

"Lakini vyuma vyake ni vya huko, Mzee."

"Vyuma! Sheria inasema asili ya bidhaa ni mahali ilipopata sehemu kubwa ya thamani yake. Mkono mkuukuu usiojua kitu unauzwa kwa bei gani?"

"Ya chuma chakavu."

"Na unaojua kufinyanga?"

Jibu lilikuwa wazi, na lilimfurahisha Bupe kwa namna iliyomshangaza. Miaka yote aliyokuwa akipima alidhani anapokea ustadi wa watu wa mbali. Kumbe gredi ya kwanza, ile iliyogombewa na kina mama chini ya turubai, ilikuwa ni kina mama hao hao.

"Tumeshinda," akasema Mzee Sanga kwa sauti ndogo. "Wabunge wakiuliza asili ya mkono, wewe mtaalamu utasema: asili yake ni hapa. Basi. Ushuru umekufa, na mikono itabaki bei ya mtu wa kawaida."

"Malizia kifungu, Mzee."

"Kipi?"

"Hapo chini. Kisome chote."

Mzee Sanga alitafuta miwani ambayo alikuwa ameshaivaa, akaivua, akasoma kwa shingo upande. "'Ili mradi mzalishaji wake atajwe kwa jina, na haki yake au ya warithi wake isiathirike.'" Akaufunga muswada. "Hayo ni maneno ya wanasheria tu. Utasema mzalishaji hajulikani. Mtu fulani wa mkoa huu."

"Namjua, Mzee. Amenizaa."

"Ndiyo maana nakuomba." Akainama mbele, na sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayebembeleza kwa dhati. "Fikiria, Bupe. Ukitaja jina moja, kesho nchi nzima itauliza: huu nilionao ni wa nani? Kuna fundi seremala hapo Mwanjelwa analisha watoto kwa mkono alioununua kwangu. Atabishiwa hodi na mtu anayesema, nipe mkono wa baba yangu. Utamjibu nini huyo fundi? Na Lugano je, yule mama aliyekatwa mkono kiwandani, tuliyemwahidi kuwa mkono atakaowaonyesha wabunge utabaki wake bure? Nao utamvua?"

Hilo lilimwingia Bupe, kwa sababu lilikuwa kweli. Alitazama nje dirishani, kule chini, ambako kina mama walikuwa bado hawajaondoka.

"Mzee," akauliza, "mkono wa Mama Edina ulikwenda wapi?"

Mama Edina alikuwa mke wa Mzee Sanga. Soko zima lilimkumbuka kwa tabia moja: hakuweza kumpita mumewe bila kumpangusa bega, liwe na vumbi lisiwe na vumbi, kwa mkono wake wa bandia, mbele ya wateja.

"Walikuja kuuchukua," akasema Mzee Sanga. "Betri haizikwi." Akanywa chai iliyopoa yote kwa mara moja. "Tusichanganye mambo. Nenda kamvishe Lugano."

*

Lugano alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuita wateja upande wa pili wa barabara. Kabla ya kiwanda cha chipsi kumkata mkono alikuwa na mgahawa wa wali na samaki hapo Uyole, na baada ya hapo alibaki na sauti tu.

"Ugonile, mdogo wangu!" akamwamkia Bupe, mara mkono ulipowashwa, na papo hapo mkono wa kushoto ukaruka, ukashika kiwiko cha kulia. Akautazama, akaangua kicheko. "Haa! Mkono una heshima huu! Wewe, huu umelelewa na watu!"

"Unakubana begani?"

"Haunibani. Unanitangulia." Akasogea mezani ambako Bupe alikuwa ameweka unga na maji, akaanza kukanda. Mwanzoni mikono miwili iligombana, wa kulia ukienda huku na wa kushoto kule, kama wake wenza jikoni. Kisha wa kulia ukatulia, ukaanza kumfuata mwenzake. Donge likawa laini. Lugano alipolibana ukingo ili alifanye duara, kidole cha kati kikachelewa, kikaacha kijishimo.

"Hiki nini?" akauliza.

"Ni kasoro. Naweza kujaribu kuirekebisha."

Lugano akalinyanyua donge juu, akaligeuza geuza kwenye mwanga. Hakuwa akicheka tena. "Usiirekebishe. Inaonekana aliifanya kila siku." Akaliweka chini taratibu. "Alikuwa nani, Bupe?"

Bupe alifungua mdomo. Maneno ya Mzee Sanga yalikuwa yamekaa tayari, mtu fulani wa mkoa huu, na nyuma yake yamekaa mengine, mazito zaidi. Akamtazama huyu mama aliyekaa miezi mingi akiwa hana kazi, sasa ana unga mpaka kwenye kiwiko, na akaona wivu. Aliuona kabisa, wala hakujidanganya. Mkono wa mama yake ulikuwa unamkandia unga mtu mwingine.

"Bado tunatafuta," akasema.

"Ukimpata uniambie. Nimshukuru," akasema Lugano. Akafikiri kidogo. "Au nimwogope. Maana huu mkono, nikiwa nimekaa tu, unanishika shavu. Sijui alikuwa anamshika nani."

Bupe akajifanya anatafuta bisibisi.

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wa mkutano wa mji, chini ya feni zilizozunguka bila kupoza mtu. Upande mmoja walikaa watu wa kiwanda kipya, vijana kwa wazee, wamevaa ovaroli za bluu zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani. Upande wa pili Umoja wa Waagizaji, wenye fulana. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Kokuhirwa, alikuwa mwanamke mfupi mwenye subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, na tangu asubuhi alikuwa amesikia habari za ajira, mapato na uzalendo mpaka kalamu yake ikawa inachora maua.

Msemaji wa kiwanda aliongea vizuri. Alisema taifa linalovaa mikono ya wengine litafanya kazi kwa mazoea ya wengine. Watu wa ovaroli wakapiga makofi, na Bupe, aliyekaa upande wa pili, alikubali moyoni kwamba yule kijana alikuwa na hoja, ila alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu.

Kisha Mzee Sanga akasimama, akamwita Lugano. Ukumbi ukaamka. Lugano aliwekewa meza, beseni na udongo, na mbele ya waheshimiwa akainua chungu kidogo chenye shingo nyembamba, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kufinyanga hata sahani. Mbunge mmoja alisimama kabisa ili aone. Hata watu wa ovaroli walinyoosha shingo.

"Waheshimiwa," akasema Mzee Sanga, jasho la furaha likimtiririka, "mkono mtupu ungemchukua mama huyu miaka. Huu umemchukua siku chache tu. Na nina habari nyingine. Mtaalamu wetu amegundua kwamba ustadi huu si wa ng'ambo. Ni wa hapa hapa! Kwa hiyo, kwa mujibu wa muswada wenu wenyewe, mikono hii haipaswi kulipa hata senti."

Kelele zikazuka pande zote. Mheshimiwa Kokuhirwa aliacha kuchora maua, akagonga meza mpaka wakanyamaza, akafungua muswada mahali ambapo Bupe alijua angefungua.

"Mtaalamu ni nani? Simama, tafadhali. Asili ya mkono huu ni ipi?"

Bupe akasimama. Mzee Sanga alimtazama kwa macho ya kuomba, na hayakuwa macho ya mwizi, yalikuwa ya mtu anayehofia kesho ya watu wengi. Hicho ndicho kilichomtesa Bupe. Akisema umetoka nje, utalipiwa ushuru na watu maskini watabaki vigutu. Akisema ni wa mtu fulani, ushuru utakufa, bei itabaki chini, Lugano atakwenda zake na mkono wake, na wale wa makoti meupe wataendelea kubisha hodi kwenye kila msiba. Kila mtu angepata kitu. Ila Tusekile angekuwa mtu fulani.

Mezani, mkono wa kushoto wa Lugano ulikuwa unapapasa kitovu cha chungu, ukikihakiki.

"Ni wa Tusekile Mwakalinga, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema Bupe. "Mfinyanzi wa Ikombe. Ni mama yangu."

Lugano akautazama mkono aliouvaa. Kisha, bila kumtazama mtu, akaanza kufungua kamba za begani kwa mkono wake wa kulia.

"Subiri, mama," akasema Mheshimiwa Kokuhirwa. Alimgeukia tena Bupe, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kifungu kinasema haki ya warithi isiathirike. Wewe ni mrithi. Lazima nikuulize, na jibu lako litaandikwa. Unaudai mkono huu?"

"Naudai."

Mzee Sanga akakaa chini, akafunika uso kwa kofia yake. Lugano alimaliza kufungua, akaushika mkono ule kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake, akatembea mpaka alipokuwa Bupe na kumkabidhi. Hakuwa na mkono mwingine wa kushika kiwiko, kwa hiyo akapiga goti.

"Ndaga fijo," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Basi, mama yako nimemshukuru. Sijamwogopa hata kidogo."

Bupe aliupokea. Ulikuwa na udongo bado. Umeme ukiwa umebaki kidogo kifundoni, vidole vikatafuta, vikapanda, vikamshika shavu, vikaacha tope pale. Alikaa hivyo kwa muda ambao Mheshimiwa Kokuhirwa hakuuhesabu.

"Nimeudai ili ijulikane kuwa unadaiwa," akasema hatimaye. "Sasa ni wangu, na naweza kumpa nimtakaye. Nampa dada Lugano. Sharti langu ni kwamba kila kiangazi aje Ikombe, mkono ukashike udongo wa kwao." Akanyoosha mikono yote miwili, na juu yake mkono wa mama. "Chukua, dada. Safari hii umepewa."

*

Kamati iliamua kusimamisha ushuru, lakini ikaamuru kwamba kuanzia sasa hakuna belo litakalofunguliwa bila kutangazwa, ili mwenye mkono wa ndugu yake humo aje autazame. Umoja ulishinda, na wanachama wake wakatoka ukumbini kama waliotoka mazikoni.

"Umetuua, Bupe," Mzee Sanga alimwambia njiani, akapita mbele.

Asubuhi iliyofuata Bupe alikuta watu mpaka nje ya geti. Hawakusogea kwa mpigo mmoja. Walikuwa wamepanga mstari wenyewe, kimya, wengine wamevaa nguo za kanisani. Ikabidi aazime mbuzi nyingine kwa maseremala na kubana mikono yote, ukutani mwote mwa banda, kisha akaiwasha.

Walipita mmoja mmoja. Hakuna aliyeuliza bei. Bibi mmoja aliimbia kila mkono wimbo ule ule wa kubembeleza mtoto, akitazama kama kuna utakaopiga piga mgongo. Kijana mmoja aliyebeba bao chini ya kwapa aliliweka mbele ya kila mkono, akingoja. Yule fundi seremala wa Mwanjelwa naye alikuja, amevaa mkono wake, akasimama pembeni mwa geti, akawa anaunyoosha kwa kila aliyeingia. "Uangalie na huu," akawa anasema. "Uangalie tu. Kama ni wa kwenu, tutazungumza." Wengi waliupa heshima, wakaushika, wakatikisa kichwa, wakapita. Yeye akawa kila mara anafuta jasho.

Mzee Sanga alitokea jua lilipokuwa limepanda. Hakuwa na fimbo wala kofia. Alikuwa amevaa koti la suti jeusi, lililopigwa pasi vizuri, na Bupe alipoona vumbi jeupe begani mwake, lile vumbi ambalo mtu hawezi kulipata kwa bahati mbaya, alielewa.

Hakunyoosha mkono kama wengine. Alikwenda kwenye mkono wa kwanza, akageuka upande, akauinamishia bega, akangoja. Mkono ukageuza ufunguo. Akasema, "Haya, asante," akaenda wa pili, akageuka, akainama, akangoja. Ukapapasa mbwa. Watu waliokuwa nyuma yake walipunguza mwendo bila kuambiwa. Alizunguka ukuta wote namna hiyo, mtu mzima, mwenyekiti, akiipa kila mkono bega lake na muda wake, mpaka akafika wa mwisho, ule unaopepeta, akangoja hapo kuliko kote.

Kisha akajinyoosha. Vumbi lilikuwa bado begani, na hakulipangusa.

"Bupe mwanangu," akauliza, "belo lingine linaingia lini?"